‘Kuvu mpya’ ya mlimani haikuwa kuvu wala haikuwa mpya

Makosa ya wengine nimeyachambua sana katika safu hii: ya watangazaji, ya wabunge, ya waandishi wa mabango ya barabarani. Leo nachambua langu. Nalichambua kwa sababu lilikuwa na gharama, na kwa sababu nimeona kosa lilo hilo likirudiwa na wenzangu kila habari ya sayansi inapotua mezani mwetu ikihitaji kusemwa kwa Kiswahili.

Miaka kadhaa iliyopita, watafiti wa mimea waliniomba niwatafsirie ukurasa mmoja wa taarifa kwa wakazi wa vijiji vilivyo chini ya mlima mmoja humu nchini. Walikuwa wamepanda hadi kwenye vinamasi vilivyo juu ya msitu, kule ambako umande hugeuka barafu alfajiri. Waliokota sampuli za mimea midogo, wakazichunguza, na wakakuta kuwa mmoja wa mimea hiyo haukuwa umewahi kurekodiwa katika vinamasi vya mlima ule. Sentensi yao ya Kiingereza ilikuwa fupi na isiyo na makuu. Makuu niliyaongeza mimi. Niliandika hivi: “Wanasayansi wamegundua kuvu mpya ya mboji katika kinamasi cha mlimani.”

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili nikaridhika. Ilikuwa na mtiririko, haikuwa na neno hata moja la kigeni, na mtoto wa darasa la sita angeweza kuisoma bila kukwama. Nikaituma, nikalipwa, nikaendelea na mengine.

Baadaye watafiti wale wakanialika katika baraza la chifu ambako taarifa hiyo ingesomwa. Nilikwenda kwa furaha ya mtu anayekwenda kusikia kazi yake ikisomwa hadharani. Msaidizi wa chifu aliposoma sentensi yangu, mikono mitatu iliinuka.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekaa mbele. “Mwalimu, hiyo kuvu ikishuka huku chini, si itaingia kwa mahindi?”

Wa pili alikuwa mzee aliyeshika fimbo ya kuchungia. “Mmesema ni mpya. Nani ameileta?”

Wa tatu alikuwa kijana aliyesimama nyuma kabisa na wenzake. “Na kama ni mboji, tunaruhusiwa kuchota? Huku tunanunua mbolea bei ghali sana.”

Maswali matatu, na kila moja lilitoka katika neno langu moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekosa kuelewa Kiswahili. Walikielewa barabara. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika jambo ambalo halikutokea.

Tuanze na neno ‘kuvu’. Kwa Mkenya wa kawaida, kuvu ni kile kitu kinachoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini, kwenye ukuta wenye unyevu na kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Kutokana na neno hilo tumepata ‘sumukuvu’, istilahi ambayo haikuhitaji kampeni yoyote ili ienee, kwa maana iliingia vijijini ikifuatana na vifo. Mwaka 2004, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 walirekodiwa kuugua kutokana na sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na 125 kati yao wakafa. Basi unapomwambia mama mkulima kwamba kuna kuvu mpya mlimani, hafikirii hadubini. Anafikiria ghala lake.

Mmea uliokuwa ukizungumziwa si kuvu kwa vyovyote vile. Kuvu si mmea. Haina ule ukijani wa kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hivyo huishi kwa kula viumbe vingine au mabaki yao. Kiumbe cha kule kinamasini ni mmea kamili, japo ni mdogo. Wanasayansi wanaita jenasi yake Sphagnum, nami kwa Kiswahili nitaandika ‘sfagnamu’. Ina spishi zaidi ya 200 duniani. Haina mizizi, haina maua, haina mbegu. Huota ikibanana mpaka ikawa kama godoro, kijani mahali hapa, njano au wekundu wa kutu mahali pale. Ukiikanyaga, mguu unazama na maji yanapanda hadi kwenye vifundo.

Maji hayo ndiyo habari yenyewe. Jani la sfagnamu lina seli za aina mbili: nyembamba zilizo hai na zenye ukijani, na kubwa zilizokufa, tupu, zenye vitundu, ambazo kazi yake ni kushika maji tu. Kwa mpangilio huo mmea huweza kubeba maji yenye uzito unaofika mara 20 ya uzito wake ukiwa mkavu. Isitoshe, huyafanya maji yanayouzunguka yawe na asidi, hata vijidudu vya kuozesha vikashindwa kufanya kazi kwa kasi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikausha mmea huu wakaufungia vidonda vya askari, kwa kuwa ulinyonya damu vizuri kuliko pamba na vidonda havikuoza upesi. Huo ndio mmea niliompa mama yule kwa jina la kuvu.

Je, lipo neno bora? Hapa ndipo mtafsiri hutokwa na jasho. ‘Mwani’ ni wa baharini, na watu wa Pwani wanaoukausha na kuuza watatucheka. ‘Ukoga’ ni ule utando wa kwenye meno au juu ya maji yaliyotuama. ‘Kuvumwani’ nimeliona likitumiwa kwa viumbe viwili tofauti, lakini kwa muundo wake linamfaa mmoja tu, yule ambaye kweli ni kuvu na mwani wakiishi pamoja, anayeonekana kama madoa ya kijivu kwenye mawe na magome ya miti. Kuna wanaopendekeza tutohoe neno la Kiingereza na kusema ‘mosi’. Hebu jaribu: ‘mosi ya kwanza’, ‘mosi mosi tu ndiyo iliyopatikana’. Lugha yenye Jumamosi haliwezi kulipokea neno hilo bila kujikwaa.

Kumbe mtaani neno lipo. Nenda kwenye vitalu vya miche vya Limuru au Naivasha uwaulize vijana wanaojaza trei za mbegu wanatumia udongo gani. Watakujibu ‘pitimosi’, bila kusita, na kukuonyesha mfuko uliobanwa, wenye kitu chepesi cha rangi ya kahawia. Mfuko huo aghalabu umetoka Ulaya. Ndani yake ni mabaki ya sfagnamu iliyoota karne nyingi zilizopita, ikachimbwa, ikakaushwa, ikasafirishwa hadi kwetu. Kijana wa kitaluni analijua jina na anaijua bidhaa, lakini hajawahi kuambiwa kwamba ndugu hai wa bidhaa hiyo wanaota katika milima anayoiona asubuhi mawingu yakifunguka. Sisi wa lugha hatukumwambia. Tungemwambia kwa neno gani?

Neno la pili ni ‘kugundua’, pamoja na rafiki yake wa kudumu, ‘mpya’. Hapa naomba msomaji anivumilie nitenganishe mambo matatu ambayo magazeti yetu, hili likiwemo, huyachanganya katika chungu kimoja.

La kwanza ni mmea mpya kwa sayansi. Yaani hakuna mtaalamu popote duniani aliyewahi kuueleza na kuupa jina la Kilatini. La pili ni mmea unaojulikana kwingineko, wenye jina tayari, ila haukuwa umewahi kuandikwa katika orodha ya eneo fulani. La tatu ni mmea mgeni, ambao haukuwepo mahali hapo na sasa umefika, pengine kwa viatu vya watalii au kwa mzigo wa miche. Mambo haya yanatofautiana kama kuzaliwa, kusajiliwa na kuhamia. Mtoto aliyepata cheti cha kuzaliwa akiwa na miaka saba hakuzaliwa siku ile, wala hakuhamia kutoka nchi nyingine.

Watafiti walisema la pili. Niliandika la kwanza. Mzee mwenye fimbo akasikia la tatu, na alikuwa na haki ya kulisikia. “Nani ameileta?” ni swali la mtu mwenye akili. Akaongeza kwa utulivu: “Kwa sababu kama ni ile ya pale juu inayoshika maji, hiyo tunaikanyaga tangu nikiwa kijana wa kuchunga.”

Sasa tuwatendee haki watafiti. Watu husema wanasayansi hujigamba kwa kudai kugundua vitu ambavyo wenyeji wanavijua siku nyingi. Wako waliofanya hivyo. Shuleni tulisoma kwamba Johann Ludwig Krapf ‘aligundua’ Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, ilhali aliyempokea huko, Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, alikuwa anaujua mlima huo na jina lake. Krapf huyo huyo ndiye aliyekusanya kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Sijui kwa nini hatujawahi kusema kwamba aligundua Kiswahili. Pengine kwa sababu kwa lugha tunajua wazi kwamba alichofanya ni kuandika alichosikia kwa wenyewe.

Lakini watafiti walionipa kazi hawakujigamba. Maneno yao yalisema tu kwamba mmea ‘haukuwa umerekodiwa’. Hilo ni dai dogo na sahihi. Ni dai kuhusu karatasi, si kuhusu ulimwengu. Linasema: tumepekua orodha, tumepekua makabati, hatukuukuta, sasa upo. Anayekuza dai hilo hadi likawa ‘ugunduzi’ ni sisi wa vyombo vya habari na sisi watafsiri, kwa kuwa ‘kurekodi’ ni neno lisilouza gazeti.

Na tusidhani kwamba kurekodi ni kazi nyepesi. Mtafiti huchukua kishungi cha mmea, hukifunga katika bahasha ya karatasi, huandika mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe na jina lake. Spishi za sfagnamu hazitambuliki kwa macho. Mbili zinaweza kuota zikiwa zimekumbatiana na wewe ukaona moja. Kwa hiyo maabarani hulikata jani la tawi jembamba kama uzi, hulitia rangi ili zile seli tupu zionekane, kisha huliweka chini ya hadubini. Rangi yenyewe huwa ile dawa ya zambarau, ‘jivii’, ambayo mama zetu walitupaka midomoni tulipokuwa na vidonda. Baada ya hapo sampuli hulinganishwa na nyingine zilizohifadhiwa, kisha huwekwa pamoja nazo ili mtu mwingine, hata baada ya miaka 100, aweze kuja na kusema: hapana, mlikosea.

Kwetu sampuli za namna hiyo huhifadhiwa katika Hebariamu ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Wapo watu waliotumia maisha yao kwa mimea ambayo wengi wetu huifuta kwa soli ya kiatu. Tamás Pócs wa Hungaria, aliyewahi kufundisha Morogoro, alikusanya mimea ya jamii hii katika milima ya Afrika Mashariki kwa miongo. Mwaka 2003 Min Chuah-Petiot alichapisha kitabu chenye michoro kuhusu mimea hiyo nchini Kenya. Kitabu hicho ni cha Kiingereza. Cha Kiswahili sijawahi kukiona, na baada ya kisa changu nimeanza kuelewa ni kwa nini: mwandishi wake angekwama kwenye jalada, akitafuta neno la kuweka kwenye kichwa.

Kosa hili la ‘kugundua’ si la mlimani peke yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ramani ya kwanza ya mboji iliyoko chini ya misitu yenye maji ya bonde la Kongo, katika nchi zote mbili za Kongo. Walikadiria eneo la kilomita za mraba 145,500, na kaboni ya takriban tani bilioni 30. Ile ni mboji ya nyanda za chini, iliyojengwa na miti na miwale, si na sfagnamu ya milimani. Vyombo vya habari vilisema imegunduliwa. Wavuvi na wawindaji wa huko, ambao mababu zao wameishi kwenye matope hayo vizazi na vizazi, waligunduliwa pamoja nayo. Kilichokuwa kipya ni ramani na kipimo. Hilo ni jambo kubwa vya kutosha. Halikuhitaji kupigwa chuku.

Nije kwa neno la tatu, ‘mboji’, ambalo ndilo lililoleta hasara.

Kila mkulima wa Kenya anaijua mboji. Unarundika majani, maganda na samadi, unageuza, unanyunyizia maji, na baada ya miezi michache una mbolea nyeusi ya bure. Mboji ni kitu kilichooza vizuri. Ni kitu cha kuchota. Ukiitumia leo, utatengeneza nyingine msimu ujao.

Kile kilicho chini ya sfagnamu ni kinyume cha hayo yote. Mmea huu huota kwa juu na kufa kwa chini. Sehemu iliyokufa inazama katika maji yenye asidi na yasiyo na hewa, na kwa hiyo haiozi ikaisha. Inarundikana, mwaka juu ya mwaka, kwa wastani wa takriban milimita moja kwa mwaka. Piga hesabu kwa vidole: shimo la kina cha mita moja ni miaka 1,000. Jembe lako likiingia hadi kiunoni, limefika wakati ambapo Mombasa ilikuwa bado mji mchanga wa wafanyabiashara. Na ukikausha tabaka hilo, hewa huingia, kuoza kulikokuwa kumezuiliwa kunaanza, na kaboni iliyofichwa humo hutoka kama gesi. Ardhi za namna hii ni karibu asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zinashikilia kaboni nyingi kuliko misitu yote. Kwa wakazi wa chini ya mlima kuna jambo la karibu zaidi: godoro lile ndilo linalokunywa mvua ya masika na kuiachia kidogo kidogo mitoni wakati wa kiangazi.

Yote hayo niliyaita ‘mboji’. Kijana wa kule nyuma aliuliza kama anaruhusiwa kuchota, na watafiti wakajibu kwamba hapana, kisha wakaanza kueleza kwa Kiswahili cha kusitasita tofauti ambayo taarifa yenyewe iliifuta. Baraza likaisha kwa chai. Nilidhani yameisha.

Baada ya wiki chache nikapigiwa simu. Kuna vijana walikuwa wamepanda na magunia. Nilipokwenda mwenyewe nikaona: mtaro wa urefu wa kama hatua kumi, kingo zake za rangi ya kahawia zikimong’onyoka, na maji yakitiririka humo kuelekea bondeni, maji ambayo yalikuwa hayajawahi kupata njia. Kando yake kulikuwa na gunia moja lililoachwa, limelowa, zito kupita kiasi cha mtu kulibeba. Nadhani uzito huo ndio uliookoa sehemu iliyobaki. Siwezi kusema kwamba sentensi yangu ndiyo iliyochimba mtaro. Mikono ina wenyewe. Ila najua kwamba kama ningeandika vingine, kijana yule asingeinua mkono kuuliza alichouliza.

Hapa kuna watakaonipinga, na nimewasikia hata kabla hawajaandika. Watasema lugha ni ya watu. ‘Kugundua’ watu wanaelewa, ‘kuvu’ watu wanaelewa, na mtu akianza kudai ‘kurekodiwa kwa mara ya kwanza’ anaandikia maprofesa. Nakubali nusu. Neno linaloeleweka ni bora kuliko neno sahihi lisiloeleweka. Lakini neno linaloeleweka vibaya halijaeleweka. Maswali matatu ya barazani yanathibitisha kwamba sentensi yangu nyepesi ilifika masikioni haraka sana, ikiwa imebeba mzigo wa mtu mwingine.

Wengine watasema basi tutumie Kiingereza kwa mambo ya sayansi, yaishe. Hao nawaomba waende barazani wakajaribu.

Sentensi niliyopaswa kuandika ni hii: “Watafiti wamerekodi, kwa mara ya kwanza katika vinamasi vya mlima huu, aina moja ya sfagnamu, mmea mdogo unaoshika maji kama sifongo, mabaki yake ya miaka mingi hujenga udongo wa kinamasi ambao ukichimbwa haurudi.” Ni ndefu mara tatu ya ile ya kwanza. Ina neno moja geni, na neno hilo limefasiriwa papo hapo. Sikuandika ‘mpya’ popote. Sikuandika ‘mboji’. Mama wa mahindi angelala usingizi, mzee asingetafuta mgeni, na kijana angekuwa amejibiwa kabla ya kuuliza.

Bado sijaridhika na ‘udongo wa kinamasi’. Ni maelezo, si jina. Nilipoanza kutafuta jina nilifanya tulivyozoea, nikatazama Kiingereza na Kilatini. Ni mwenzangu mmoja aliyeishi Kigali aliyeniambia nitazame magharibi. Nchini Rwanda, ambako wamejenga hata mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuchoma udongo huo, wana neno la Kibantu la siku nyingi: nyiramugengeri. Sisemi tulichukue lilivyo. Ni refu, na ulimi wa Kiswahili utataka kulipunguza. Lakini neno ‘ngeli’, ambalo mwanafunzi wa Kenya hulitaja kila siku ya shule, tulilipata kwa Wahaya, na hakuna anayelilalamikia kwamba ni geni. Kabla ya kubisha hodi kwa mzungu, tungeuliza kwanza kwa jirani ambaye amekanyaga kitu chenyewe.

Na hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, kubwa kuliko yale matatu. Yule mzee mwenye fimbo, aliposema kwamba wanaikanyaga tangu ujana wake, alilitaja kwa lugha yake ya mama jina la mmea ule. Alilitaja mara mbili. Watu wa umri wake waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshika kalamu na daftari, nami nikawa natafuta jinsi ya kuitetea sentensi yangu. Sikuliandika.

Mwaka uliofuata nilirudi. Mzee alikuwa amehamia kwa bintiye, mbali. Niliuliza watu watatu. Mmoja alinipa jina ambalo baadaye niligundua, na hapa neno hili linafaa, kuwa ni la majani yoyote ya mahali penye maji. Wa pili alinipa jina jingine kabisa. Wa tatu alicheka: “Mwalimu, hivyo vitu vidogo navyo vina jina?”

Miti ina bahati. Kitabu cha Henk Beentje kuhusu miti na vichaka vya Kenya, kilichotoka mwaka 1994, kimeorodhesha majina ya kienyeji kutoka lugha nyingi, kila jina na lugha yake. Mimea midogo ya vinamasini haijapata mtu wa kuitendea hivyo. Watafiti wana bahasha zao na lebo zao: mahali, mwinuko, tarehe, aliyeokota. Sisi wa lugha tungeweza kuongeza mstari mmoja katika lebo ile ile: mzee fulani, wa mahali fulani, siku fulani, alikiita hivi. Ukija mwaka mwingine na kusema alikosea, sawa, lakini utakuwa na kitu cha kukosoa.

Kwa sasa mmea ule una jina la Kilatini, sampuli yake imo kabatini, na mahali ulipopatikana pamewekwa alama kwenye ramani. Umerekodiwa. Jina alilolitaja mzee halijarekodiwa. Kama wewe msomaji ulichunga ng’ombe au kondoo juu ya msitu, kwenye mlima wowote wa nchi hii, na mliliita kwa jina fulani lile godoro la kijani linalotoa maji likikanyagwa, niandikie kupitia mhariri. Usisahau kutaja ni wapi, na ni nani aliyekufundisha. Safari hii kalamu iko mkononi.